Perege Wamesusa Chakula, au Hawamwogopi Hata Kulastara: Angalia Gunia Kabla ya Dawa

Wafugaji wengi wa samaki Dar es Salaam wana majibu mawili kwa kila tatizo la bwawani: badilisha maji, au nunua dawa. La kwanza husaidia mara nyingi. La pili mara nyingi humsaidia muuza dawa. Lipo kundi la matatizo yasiyotokana na ugonjwa wala upungufu wa hewa, bali na taarifa: samaki wamepashana habari ya hatari ambayo haipo, au hatari ipo na habari haikufika. Mwongozo huu ni wa kundi hilo. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kabla hujagusa chupa yoyote, fungua gunia la chakula, kisha mpandishe samaki kwenye mizani.

Tuanze na jinsi habari hiyo inavyosafiri. Mwaka 1938 Karl von Frisch, mwanasayansi wa Austria aliyekuja kushirikishwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1973, alieleza alichokiona kwa samaki wadogo wa Ulaya, Phoxinus phoxinus. Mmoja akijeruhiwa ngozi na kurudishwa majini, wenzake wanatawanyika na kujificha. Kinachowafikia ni kemikali iliyovuja kwenye jeraha, nao huinusa. Katika jamii kubwa ya samaki inayowajumuisha kambale, ningu na hata dagaa wa Ziwa Victoria, ngozi ya juu ina seli kubwa zisizo na tundu la kutolea kitu nje. Seli hizo haziwezi kutema kemikali kwa hiari. Hupasuka tu pale jino, mdomo wa ndege au wavu mkavu unapochana ngozi. Kemikali zinazotajwa zaidi ni hipozanthini-3-N-oksidi, na vipande vya kondroitini vilivyoelezwa mwaka 2012 kwa samaki pundamilia, Danio rerio.

Perege na sato ni wa jamii nyingine, ya sikilidi. Hawana seli za aina hiyo, lakini ngozi yao ikichanika nayo hutoa harufu inayowatisha wenzao. Kwa hiyo tatizo linaweza kukaa mahali patatu: kwenye ngozi ya aliyejeruhiwa, kwenye maji yanayobeba harufu, au kwenye pua na tumbo la anayeipokea. Chakula kinaingia kwenye ngozi na kwenye tumbo, ndiyo maana nakitanguliza.

Wamezama, wamejibana kona moja, chakula kinaelea bila kuguswa

Uliza kwanza: nini kilifanyika saa chache zilizopita? Ukijibu kwamba mlivuta wavu, mlichambua samaki kwa ukubwa, au kuna mtu alipaa samaki pembeni ya tenki na kumwaga maji ya kuoshea humohumo, umeshapata chanzo. Magamba na vipande vya ngozi vimeingia majini, na samaki wanasoma kwamba mwenzao ameliwa.

Usichanganye hali hii na kukosa hewa. Perege anayekosa hewa hupanda juu na kuhema kwa mdomo, hasa alfajiri kabla jua halijapanda, kwa sababu usiku mimea ya majini haitoi oksijeni ila inaitumia. Perege aliyetishwa hushuka. Huganda au huenda kwa mishtuko mifupi, hujikusanya na wenzake, na huweza kuanza saa yoyote. Usichanganye pia na sumu: sumu huleta kuzungukazunguka, kupinduka, na vifo. Woga peke yake hauachi maiti zikielea asubuhi.

Dawa yake ni muda. Majaribio ya maabara na ya uwandani yamewahi kuonyesha kwamba harufu ya aina hii hupoteza nguvu baada ya kupita saa 3 hadi 6. Kwenye tenki dogo la plastiki unaweza kupunguza sehemu ya maji na kuongeza mapya. Kwenye bwawa la udongo acha tu. Usimwage chakula kingine juu ya kile kilichosuswa. Kitaoza, na kesho utakuwa na tatizo la hewa kweli. Safari nyingine lowesha wavu na mikono kabla ya kushika samaki, tumia wavu usio na mafundo makali, na kazi ya kupaa ifanyike mbali, maji yake yaende kwenye migomba.

Wakiendelea kususa siku ya pili na ya tatu bila sababu mpya, acha kufikiria woga. Angalia kama chakula chenyewe kimeingia ukungu.

Ndege anamchukua mmoja, wengine wanaendelea kula

Hapa ndipo penye mambo mengi, na ndipo wafugaji wanapodanganyika zaidi, kwa sababu samaki asiye na woga anaonekana kama samaki mwenye raha. Anakuja mkononi, anakula kwa fujo, wageni wanapiga picha.

Mama mmoja wa Chanika alinieleza hivi: "Mwanangu, hawa wangu wamekuwa wajinga. Kulastara anamnyakua mwenzao, wao wanaendelea kudonoa."

"Wanakula nini, mama?"

"Pumba."

"Na nini kingine?"

"Pumba, mwanangu. Pumba ya mahindi. Kuna kingine?"

Kipo. Pumba ya mahindi ina protini karibu asilimia 10, wakati perege anayekua anahitaji chakula chenye asilimia 28 hadi 32, na kifaranga zaidi ya hapo. Samaki wa pumba tupu anaweza kuwa na tumbo lililojaa na bado ana njaa mwilini. Samaki mwenye njaa anapiga hesabu tofauti na aliyeshiba: akijificha hatari inampita lakini chakula nacho kinampita. Njaa ikizidi, hatari inapoteza uzito.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1996 ilichapishwa kazi ya watafiti wa Kanada juu ya Pimephales promelas, samaki mdogo wa mito na vidimbwi vya Amerika ya Kaskazini. Walionyimwa chakula hawakuonyesha woga wowote waliponusishwa harufu ya ngozi ya mwenzao pamoja na harufu ya samaki mwindaji. Kwa macho ungesema hawakusikia kitu. Lakini baadaye, wakiwa wameshiba, waliponusishwa harufu ya mwindaji peke yake walishtuka. Habari ilikuwa imefika na imehifadhiwa. Tumbo ndilo lililozuia mwili usitende. Mimi hulichukulia hili kuwa jambo la kutia moyo kwa mfugaji. Kundi lako la wajinga huenda limejifunza kila kitu, linasubiri tu kulishwa.

Upande wa pili wa shida ni ngozi yenyewe. Kutengeneza kemikali na ngozi nene ni gharama ya mwili, na mwili uliobanwa hupunguza matumizi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2004 kwa vifaranga vya sikilidi wa Amerika ya Kati, binamu wa mbali wa perege wetu, yalionyesha kwamba ngozi ya samaki mwenye hali nzuri ya mwili iliwatisha wenzake zaidi kuliko ngozi ya aliyekonda. Sasa weka pande mbili pamoja. Kwenye bwawa la njaa anayejeruhiwa anatoa harufu hafifu, na wanaoipokea hawana nafasi ya kuijali. Ndege anahudumiwa kama yuko hotelini.

Kupima hali ya mwili hakuhitaji maabara. Vua samaki kumi hivi bila kuchagua wanono. Pima urefu kwa sentimita na uzito kwa gramu. Zidisha uzito kwa 100, kisha gawanya kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Perege wa sentimita 15 mwenye gramu 67 anatoa karibu 2, na huyo yuko vizuri. Wa urefu huohuo mwenye gramu 45 anatoa 1.3, na huyo ni kichwa na mifupa. Usitumie kipimo cha perege kumhukumu kambale; umbo lake refu linampa namba ndogo hata akiwa amenona. Linganisha kambale na kambale.

Namba ikiwa chini, rekebisha chakula kwa utaratibu. Mashudu ya alizeti na dagaa wa kusaga vikichanganywa na pumba hupandisha protini, na unga wa muhogo au ngano kidogo hushikisha mchanganyiko usisambaratike majini. Kama mfuko unaruhusu, punje za kuelea zina faida moja ambayo watu hawaisemi sana: unaona kilichobaki. Kwa perege wa gramu 100 hivi, asilimia 3 ya uzito wa kundi kwa siku ni mwanzo mzuri, ukigawa mara mbili au tatu. Usitarajie mabadiliko kesho. Ngozi inajengwa kwa wiki, na samaki aliyekonda hujaza nyama kabla ya kujaza kingine chochote.

Kuna kosa la joto la Dar ambalo kitabu cha ufugaji kutoka nchi za baridi hakikukumbushi. Samaki hawezi kujitengenezea vitamini C, nayo inahitajika ili ngozi ijengwe na vidonda vipone. Vitamini hiyo huharibika chakula kikikaa kwenye joto na unyevu. Gunia lililolala miezi kwenye stoo ya bati Mbagala, sakafu ya saruji ikivuja jasho, lina maandishi yaleyale kwenye lebo lakini si chakula kilekile. Ukiona samaki wenye migongo iliyopinda na vidonda visivyofunga, gunia ndilo mshukiwa wa kwanza. Likinuka uvundo, litupe. Sumukuvu haiondoki kwa kuanika juani.

Halafu kuna sababu nyepesi ambazo ni lazima uzitoe njiani. Ndege mnandi humeza samaki mzima, na asiyechanika ngozi anatoa harufu kidogo. Samaki waliozoea kulishwa kwa mkono wamejifunza kwamba kivuli juu ya maji ni chakula. Na hata ukiwashibisha vipi, kulastara atabaki kulastara. Wavu juu ya bwawa bado unahitajika, hasa Bunju, Kigamboni na kote kulikojirani na mikoko.

Tenki moja limejaa woga, la jirani limetulia

Samaki ni wa vifaranga vya mtu mmoja, chakula kimoja, mfugaji mmoja. Kinachotofautiana ni maji yanakotoka. Fuata bomba. Mara nyingi, kwenye nyumba zenye matenki yanayopokezana maji, utakuta maji ya tenki la kambale yanapita kwenye tenki la perege, na kambale analishwa utumbo na vichwa vya perege kwa sababu ni vya bure.

Hapa chakula cha mwindaji ndicho kinachozungumza. Mwaka 1993 ilionyeshwa kwa Pimephales wale wale kwamba waliogopa harufu ya samaki mwindaji wa jamii ya Esox aliyekula wenzao, ila si ya yule aliyelishwa samaki wa aina nyingine wasio na kemikali hiyo. Kemikali ilipita tumboni na bado ikasomeka. Watafiti haohao wa Kanada waliona pia kwamba mwindaji huyo huenda haja mbali na mahali anapowindia. Sijui kama kuna mtoto wa mjini mwenye adabu kama hiyo.

Marekebisho ni mepesi. Geuza mwelekeo, maji yatoke kwa perege kwenda kwa kambale. Ukishindwa, mlishe kambale kitu kingine: dagaa, masalia ya samaki wa baharini kutoka Feri yaliyochemshwa, au punje. Kama kambale wako ndani ya bwawa moja na perege ili wapunguze vifaranga wanaozaliwa ovyo, basi woga kiasi ni sehemu ya mpango wako mwenyewe. Weka matawi au mabomba chini ya maji wapate pa kujificha, na uone kama wanarudi kula.

Walikuwa wanashtuka, sasa hawashtuki, na wamenona

Namba ya mwili ni nzuri, gunia ni jipya. Basi ondoka kwenye chakula, nenda kwenye maji na pua.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni mrututu, yaani salfeti ya shaba. Watu huutumia kuua mwani na konokono, kwa kipimo cha "kijiko hivi". Shaba huharibu uwezo wa samaki kunusa kwa viwango vidogo mno. Kwa samoni wachanga wa aina ya koho, saa 3 ndani ya maji yenye mikrogramu 2 za shaba kwa lita zilitosha kupunguza mwitikio wao kwa harufu ya hatari, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007. Samaki kama huyo anakula vizuri, anaogelea vizuri, ana rangi nzuri. Hanusi tu. Kadimiamu nayo inajulikana kwa uharibifu wa namna hiyo, ndiyo maana simshauri mtu achote maji ya Mto Msimbazi kujazia bwawa, hata kama kiangazi kimekausha kisima na mto uko hatua chache.

Mshukiwa wa pili ni asidi. pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, ikishuka hadi 6 hivi, trauti waliopimwa Kanada waliacha kuitikia kabisa harufu ya ngozi ya wenzao, na hipozanthini-3-N-oksidi hubadilika katika maji ya namna hiyo isisomeke tena. Bwawa lililojaa majani na chakula kilichooza, kisha likapigwa na masika, linaweza kushuka. Pima asubuhi na jioni, maana pH ya bwawa lenye mwani hupanda mchana. Chokaa ya kilimo huirudisha, ukiiweka kidogo kidogo huku unapima.

Maji ya bomba ya DAWASA yana klorini. Hiyo itachoma matamvua kabla hujafika kwenye habari za harufu, kwa hiyo yaache wazi juani siku nzima au zaidi, ukiyapuliza hewa kama una pampu.

Jaribio la mwanafunzi halionyeshi chochote

Nimeweka hili kwa sababu wanafunzi wa sayansi za maji hapa mjini hulipenda jaribio hili, nalo huwaangusha. Mwanafunzi anachukua kipande cha ngozi ya perege, anasaga na maji, anamimina kwenye akwaria, samaki wanaendelea na maisha yao. Anaandika "perege hawana kemikali za tahadhari". Wanazo.

Angalia mtoaji kwanza. Samaki wa kununua sokoni aliyekaa kwenye ndoo siku mbili bila kula ni mtoaji mbovu. Mchukue aliyelishwa vizuri kwa wiki kadhaa, mpime, andika namba yake. Kama lengo lako ndilo hasa kulinganisha chakula, uwe na makundi mawili ya watoaji, na utumie eneo la ngozi lililo sawa kwa sentimita za mraba, si "kipande". Jinsia na msimu navyo huingia kwa baadhi ya aina: madume wa Pimephales hupoteza seli zao za tahadhari msimu wa kuzaliana kwa sababu ya homoni ya kiume, nao ndio wakati wanaposugua ngozi kwenye kiota. Hilo ni la Pimephales, usilinukuu kwa perege.

Kisha mpokeaji. Akiwa na njaa, umeshasoma juu kinachotokea. Mlishe kawaida, mwache azoee akwaria, ndipo uanze.

Kisha mchuzi wenyewe. Saga kwa maji yasiyo na klorini, chuja, tumia hapo hapo au gandisha kwenye mafungu madogo. Uliokaa mezani toka asubuhi mpaka baada ya chakula cha mchana hauna ushahidi wowote. Akwaria nyingine ipokee maji matupu. Nyingine ipokee mchuzi wa ngozi ya samaki wa ukoo mwingine, changu kwa mfano, ili ujue kama wanashtuka kwa hatari au kwa harufu ngeni tu. Hesabu mwendo, kudonoa chakula na umbali kati ya samaki kwa dakika kadhaa kabla na baada ya kumimina, na anayehesabu asijue akwaria ipi imepata nini. Hili la mwisho ndilo wanafunzi huliruka, na ndilo msimamizi atauliza.

Jambo moja la kuzingatia unapoandika maelezo: seli hizi za ngozi hazikuwekwa kwa ajili ya majirani peke yao. Kazi iliyochapishwa mwaka 2007 ilionyesha kwamba samaki huongeza seli hizo wanapokabiliwa na vimelea wanaopenya ngozi, na kupendekeza kwamba kazi yake ya msingi ni kuikinga ngozi. Kwa hiyo mtoaji mwenye vimelea naye anaweza kukuharibia ulinganisho. Mchunguze ngozi kabla.

Kambale wanajikunja chini na kukwaruzana

Hapa nasema kwa ufupi. Kambale wanaobanana hung'atana, na kila jeraha linavuja kemikali kwa wote walio kwenye tenki lilelile. Watafiti wa Wageningen, Uholanzi, walishalichunguza hili kwa vifaranga vya Clarias gariepinus kama chanzo cha msongo katika ufugaji. Wachambue kwa ukubwa mara kwa mara, wakubwa wasikae na wadogo, na walishe kwa saa zilezile kila siku, kwa sababu kambale mwenye njaa hachagui kati ya punje na mkia wa mwenzake. Kupanda juu kuvuta hewa ni kawaida yao, usikuhesabu kama dalili.

Ukiona vidonda vyenye pamba nyeupe, macho yaliyotokeza, au vifo vinavyopanda kila siku, weka mwongozo huu pembeni. Chukua samaki mmoja aliye hai lakini mgonjwa na chupa ya maji ya bwawa, umpelekee afisa uvuvi wa manispaa yako siku hiyohiyo. Aliyekufa jana hamfai kitu.